Pande Kubwa la Dhahabu ya Mchangani: Kulitafuta, Kulitambua na Kulilinda

Dhahabu ya mchangani ni ile iliyobanduka kwenye mwamba wake wa asili kwa kazi ya jua, mvua na maji, ikashuka na kutua katika kokoto, mchanga na udongo wa mabonde. Sehemu kubwa yake ni vumbi na chembe. Mara chache hutokea pande zima, na pande hilo moja linaweza kuzidi thamani ya kazi ya msimu mzima. Ndiyo maana swali la wachimbaji wadogo ni lile lile Chunya, Ituri, Karamoja na kando ya mito ya Pokot Magharibi: pande kubwa linapatikanaje?

Hakuna njia ya kuliagiza. Yako mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa mchimbaji: kuchimba mahali ambapo pande linaweza kuwapo, kutolitupa linapopita mikononi mwake, na kutolipoteza baada ya kulishika. Wengi hushughulika na jambo la kwanza peke yake, na hasara kubwa hutokea katika mawili yanayofuata.

## Mapande maarufu yanafundisha nini

- Moliagul, Australia, 1869. John Deason na Richard Oates walilikuta pande lililoitwa Welcome Stranger sentimita chache tu chini ya uso wa ardhi, kwenye mizizi ya mti. Lilitoa zaidi ya kilo 70 za dhahabu. Funzo: udongo wa juu usiondolewe kwa pupa bila kutazamwa.
- Ballarat, Australia, 1858. Pande la Welcome Nugget, lenye takriban kilo 69, lilitoka kina cha mita 55 hivi. Funzo: mito ya kale inaweza kufukiwa chini sana. Kina hicho kinahitaji mgodi wenye wataalamu na nguzo imara. Si kazi ya sululu na kamba.
- Klondike, Kanada, kuanzia 1896. Wa kwanza kufika walijaa bondeni, kando ya kijito cha Bonanza. Baadaye wageni walichimba juu ya vilima, mahali ambapo wazoefu walipadharau, wakakuta kokoto za mto wa kale zenye dhahabu nyingi. Funzo: mto haukupita daima mahali unapopita leo.
- Kingower, Australia, 1980. Pande la Hand of Faith, lenye zaidi ya kilo 27, lilipatikana kwa kifaa cha kutambua metali, katika jimbo la Victoria lililokuwa limechimbwa kwa zaidi ya miaka 100. Funzo: eneo lililochimbwa si lazima liwe limekwisha.
- Ruby, Alaska, 1998. Pande la takriban kilo 9 lilionekana wakati buldoza likisukuma udongo. Funzo: mashine haina macho, awepo mtu wa kutazama kifusi.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, ilianza kuchimbwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 maelfu ya watu walimiminika huko kuosha mchanga. Wachimbaji wanaofanya kazi Chunya leo wanapita juu ya nyayo hizo, na mafunzo hayo matano yanawahusu moja kwa moja.

## Mahali pande kubwa linapotua

Kanuni ni moja: uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, wakati ya kwatzi, lile jiwe jeupe la kawaida, ina gramu 2.65 tu. Maji yanapopungua nguvu huangusha kizito kwanza, na kizito hicho huzidi kuzama kati ya kokoto hadi kizuiwe na kitu kigumu. Pande kubwa halisafiri mbali. Hivyo litafutwe katika sehemu hizi:

- Nyufa za mwamba wa chini. Nyufa zinazokatisha mkondo hunasa vizuri kuliko zinazofuata mkondo.
- Upande wa ndani wa kona ya mto. Hapo maji huenda taratibu na kuacha mzigo wake.
- Nyuma ya mawe makubwa, upande wa kuelekea maji yanakokwenda, pamoja na chini ya mawe yenyewe.
- Mahali mteremko unapopungua ghafla, hasa kijito cha mlimani kinapoingia bondeni.
- Juu ya tabaka gumu la udongo wa mfinyanzi. Tabaka hilo huzuia dhahabu sawa na mwamba. Anayelipasua bila kwanza kuosha kokoto zilizokaa juu yake hupitiliza alichokuwa akikitafuta.
- Matuta ya kale kando ya mto. Dalili yake ni mawe ya mviringo yaliyolainishwa na maji, lakini yamelala juu sana ya mto wa leo.
- Mteremko wa kilima chini ya mshipa wa kwatzi. Hapo mto haukupita kabisa. Dhahabu hushuka polepole na mvua, na mapande yake huwa na kona kali.

Sehemu mbili hudanganya wengi. Ya kwanza ni mwamba laini uliong'arishwa na maji, usio na ufa wala kikwazo; dhahabu huteleza na kupita. Ya pili ni shimo la kina chini ya maporomoko. Msukosuko wa maji mara nyingi husaga na kutapika kila kilichoingia.

## Kusoma chembe ndogo

Chembe ndogo ndizo huelekeza kwenye pande, na usomaji wake unahitaji daftari zaidi ya kipaji.

1. Kuchagua sehemu kadhaa kando ya kijito, kuanzia chini kwenda juu.
2. Kuchukua kiasi kile kile cha kokoto kila mahali, kwa mfano ndoo moja ya lita 20, kutoka karibu na mwamba kadiri inavyowezekana.
3. Kuosha kwa karai na kuhesabu chembe.
4. Kuandika idadi, ukubwa na umbo la chembe, pamoja na kina kilichofikiwa.
5. Kulinganisha ndoo zote kabla ya kuanza kuchimba popote.

Umbo lina maana yake. Chembe bapa na laini zimetoka mbali. Chembe zenye kona, au zilizoshikamana na kwatzi, ziko karibu na zilikotoka. Chembe zikiongezeka kadiri mtu anavyopanda kijito, kisha zikatoweka ghafla, chanzo kimepitwa. Hapo ni kurudi nyuma kidogo na kupima vijito vidogo na miteremko ya kando.

Mchanga mweusi ni dalili ya kuwapo vitu vizito, lakini mchanga mweusi peke yake si dhahabu. Mito mingi imejaa mchanga huo na haina chembe hata moja.

## Vifaa vya lazima

- Sululu, koleo na mtaimbo wa kuinulia mawe.
- Karai, ndoo na chekeche.
- Ubao wa kuoshea wenye vizuizi na kapeti.
- Kijiko kirefu, bisibisi na brashi ya kukombea nyufa.
- Sumaku ya kutoa mchanga mweusi na lenzi ya mkononi.
- Mzani mdogo na chupa za plastiki zenye kifuniko.
- Viatu vigumu, kofia ngumu na sanduku la huduma ya kwanza.

Pampu, jenereta na mashine za kuchimbia zinunuliwe baada ya ndoo za majaribio kuonyesha kwamba eneo linalipa. Wanaoanza na mashine ya mkopo hulazimika kuchimba popote palipo karibu ili walipe deni, na uchaguzi wa mahali huwa umekwisha kuwaponyoka.

## Kuosha kwa karai

1. Kujaza karai kwa robo tatu na kulizamisha majini.
2. Kuvunja mabonge yote ya udongo kwa vidole hadi maji yatoke safi. Bonge la udongo likiachwa zima hutoka na dhahabu iliyomo.
3. Kuosha mawe makubwa moja moja, kuyatazama, kisha kuyatoa.
4. Kutikisa karai kwa nguvu kushoto na kulia likiwa ndani ya maji, ili kizito kizame.
5. Kuliinamisha na kuacha maji yaondoe mchanga wa juu kidogo kidogo, huku likitikiswa tena kila baada ya mizunguko michache.
6. Kubakiza kijiko kimoja au viwili vya mchanga mweusi, kisha kuuzungusha taratibu kwa maji machache hadi chembe zijitenge.

Anayejifunza aweke vipande 10 vya risasi ndogo ya kuvulia samaki ndani ya karai la mchanga wa kawaida na kuosha. Vikibaki vyote 10, mkono wake uko tayari. Vikipungua, afanye tena kabla ya kuuamini mkono huo kwa dhahabu.

## Ubao wa kuoshea

Ubao unahitaji mteremko wa sentimita 7 hadi 9 kwa kila mita 1 ya urefu. Mteremko ukizidi, chembe huoshwa na kwenda. Ukipungua, mchanga hujaa na kuziba vizuizi. Maji yawe mengi kiasi cha kusukuma kokoto bila kusukuma mchanga mweusi wote.

Udongo umiminwe taratibu, kwa vipimo vidogo. Pande likiingia ubaoni, kwa kawaida hukwama mwanzoni kabisa, kwenye vizuizi vya kwanza. Sehemu hiyo ikaguliwe mara nyingi kwa siku, na ikiwezekana na watu wawili kwa pamoja, ili pasiwe na shaka baina ya wenzi.

## Pande kubwa hupotea kwenye lundo la mawe

Chekeche huzuia mawe makubwa yasiingie ubaoni. Pande kubwa nalo ni kubwa, hivyo huzuiwa pamoja na mawe, na mikono yenye haraka hulitupa kwenye kifusi. Likiwa limepakwa udongo mwekundu, halina tofauti yoyote na jiwe la kawaida. Hii ndiyo sababu moja ya malundo ya zamani kuendelea kutoa mapande miongo mingi baada ya wenyewe kuondoka.

Kinga yake ni rahisi:

- Mawe yote yanayobaki juu ya chekeche yaoshwe kwa maji kabla ya kutupwa.
- Jiwe linaloonekana zito kuliko ukubwa wake liwekwe kando. Kilo 1 ya dhahabu safi inatosha katika mchemraba wenye sentimita 3.7 tu kila upande, hivyo mkono wenyewe hushtuka.
- Mawe meupe ya kwatzi yenye kutu au mashimo yavunjwe au yapitishiwe kifaa cha kutambua metali.
- Lundo la mawe lipitiwe kwa kifaa hicho kabla ya kuhamishwa.
- Mtu mmoja apewe kazi ya kutazama mawe na kifusi, naye abadilishwe mara kwa mara kwa sababu macho huchoka.

## Kutumia kifaa cha kutambua metali

Kifaa hiki, ambacho wengi hukiita detekta, ndicho kimeleta mapande mengi ya miaka ya karibuni. Hakioni dhahabu, hutambua metali yoyote, na huyumbishwa na udongo wenye chuma kingi, ule mwekundu ulioenea katika maeneo mengi ya dhahabu ya Afrika Mashariki. Katika udongo huo, vifaa vinavyofanya kazi kwa kutuma mapigo ya umeme huvumilia zaidi kuliko vile vya bei ya chini.

- Pete, saa, viatu vya chuma na simu viwekwe mbali.
- Kichwa cha kifaa kipite karibu kabisa na ardhi bila kuinuliwa mwishoni mwa kila mzunguko.
- Mwendo uwe wa taratibu, na kila mzunguko upande kidogo juu ya uliotangulia.
- Kila mlio uchimbwe. Misumari, risasi na vizibo vya chupa ni vingi, lakini anayebagua milio hubagua na dhahabu.
- Mlio ukitoka shimoni, udongo uliotolewa ugawanywe nusu kwa nusu na kupimwa hadi kitu kipatikane.
- Mlio ukizidi kuwa mkubwa kadiri shimo linavyoshuka, sululu iwekwe kando na mikono itumike. Pande lililopasuliwa kwa sululu hupoteza sehemu ya thamani yake.

Kipande kimoja kikipatikana, eneo linalokizunguka lipitiwe upya kwa mistari iliyonyooka, kwa urefu na kwa upana. Mapande mara nyingi hukaa kwa makundi.

## Kutambua dhahabu ya kweli

- Rangi. Dhahabu huonyesha manjano ile ile juani na kivulini. Mika na pyrite, madini yanayofananishwa na dhahabu, hubadilika kadiri yanavyogeuzwa.
- Ugumu. Ncha ya sindano huiacha dhahabu na mkwaruzo au kishimo bila kuivunja. Pyrite huvunjika na kuwa unga. Mika hubanduka kwa magamba.
- Mchoro. Dhahabu ikisuguliwa kwenye kigae cheupe kisichong'arishwa huacha mstari wa manjano. Pyrite huacha mstari mweusi wenye ukijani.
- Sumaku. Dhahabu haivutwi. Jaribio hili huondoa chuma tu, halithibitishi dhahabu.

Majaribio ya tindikali na nyundo yasifanywe juu ya pande zuri. Sindano ikitumika, iguse sehemu moja iliyofichika.

## Kukadiria dhahabu iliyo ndani ya jiwe

Pande likiwa na kwatzi, kiasi cha dhahabu kinaweza kukadiriwa bila kulivunja.

1. Kulipima pande likavu kwa gramu.
2. Kuweka chombo chenye maji juu ya mzani na kuurudisha mzani kwenye sifuri.
3. Kulining'iniza pande kwa uzi mwembamba hadi lizame lote bila kugusa chini wala kando. Gramu zitakazosomeka ni sawa na ujazo wake kwa sentimita za ujazo.
4. Kuzidisha uzito mkavu kwa 1.16, kuzidisha ujazo kwa 3.07, kisha kutoa jibu la pili katika la kwanza.

Kwa mfano, pande la gramu 100 lenye ujazo wa sentimita za ujazo 12: 116 kutoa 36.8 ni takriban gramu 79. Hesabu hii huchukulia kwamba jiwe lililobaki ni kwatzi tupu. Mawe yenye chuma huipotosha. Aidha, dhahabu ya asili huwa imechanganyika na fedha, kwa hiyo gramu hizo ni za dhahabu ghafi. Hata hivyo, mwenye hesabu hii mkononi hadanganyiki kirahisi na mnunuzi anayesema jiwe zima ni gramu 30.

## Saa ya kwanza baada ya kulipata

Furaha ya kushika pande kubwa ni kweli, na inastahili. Mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, na ulimi hutaka kusema. Saa hiyo ndiyo maamuzi mabaya hufanyika, kwa hiyo mpango wake uandikwe kabla.

1. Kutoka shimoni. Wengi hufuata pande la pili kwa kuchokonoa ukuta, na ukuta huwaangukia.
2. Kunyamaza. Kelele huita umati, na umati huleta wizi na ugomvi.
3. Kuwaita wenzi wote wa kazi na msimamizi, ili pande lionwe na kila mwenye haki.
4. Kupima na kuandika uzito, tarehe na mahali, kisha kupiga picha juu ya mzani.
5. Kuosha kwa maji na brashi laini tu. Brashi ya waya, tindikali na moto havifai.
6. Kulihifadhi mahali palipokubaliwa, chini ya ulinzi wa watu zaidi ya mmoja.

Mgawo hauamuliwi siku hiyo. Makubaliano kati ya mwenye leseni, mwenye duara (shimo la kuchimbia), mfadhili na wachimbaji yawe yameandikwa na kusainiwa kabla ya sululu ya kwanza, yakitaja wazi kwamba yanahusu pia mapande makubwa. Maneno ya mdomo hutosha wakati wa chembe. Linapotokea pande, kila mtu hukumbuka maneno yake.

## Leseni na mauzo

Nchini Tanzania, uchimbaji mdogo unahitaji leseni ndogo ya uchimbaji inayotolewa na Tume ya Madini kwa raia, nayo hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Leseni peke yake haitoshi kuingia shambani mwa mtu; ridhaa na fidia vipatikane kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu hifadhi ya mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa mchimbaji wa dhahabu ya mchangani hilo ni jambo la kuulizia ofisi ya madini na ya mazingira kabla ya kuanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake iko karibu na maji.

Kenya ina Sheria ya Madini ya 2016 na Uganda ina sheria ya 2022, zote zikitambua wachimbaji wadogo na vibali vyao. Kongo huwataka wachimbaji wa mikono kuwa na kadi na kufanya kazi katika maeneo yaliyotengwa.

Kuhusu mauzo:

- Tanzania ina masoko ya madini tangu 2019, ambako bei elekezi hujulikana na usafi hupimwa kwa mashine. Mrabaha hulipwa huko huko na muuzaji hupewa hati.
- Mzani uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mchimbaji apime kwanza kwa mzani wake.
- Pande zuri lisiyeyushwe kabla ya kutafutiwa mkusanyaji au sonara anayenunua mapande kwa umbo lake. Wanunuzi hao huweza kulipa zaidi ya thamani ya dhahabu tupu, na pande likishayeyushwa nafasi hiyo haipo tena.
- Anayeomba pande "akapime" bila mwenyewe kuwapo asipewe.
- Kulivusha mpaka bila kibali ni kosa la jinai, na aliyelivusha hana pa kushtaki akitapeliwa.

## Hatari zinazoua

Kuta za shimo. Mchanga na kokoto za mtoni hazijishiki. Shimo linalozidi kimo cha kiuno lipanuliwe kwa ngazi au litegemezwe kwa miti. Kuchimba kwa kuingia chini ya ukuta ni marufuku, hata kama dhahabu inaonekana. Kifusi kiwekwe mbali na mdomo wa shimo. Baada ya mvua hakuna kushuka hadi kuta zikaguliwe, na hakuna kuchimba peke yake.

Zebaki. Mapande na chembe kubwa hazihitaji zebaki hata kidogo. Karai na ubao vinatosha. Mvuke wa zebaki inayochomwa huharibu ubongo, figo na mtoto aliye tumboni, na iliyomwagika mtoni hurudi mezani kupitia samaki. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017, unazitaka nchi wanachama kupunguza na, inapowezekana, kuondoa matumizi haya. Anayelazimika kuvuna vumbi laini ajifunze kuliosha hadi mwisho kwa karai, au alipeleke kwenye mtambo unaofuata kanuni.

Ramli. Imani kwamba bahati ya dhahabu hununuliwa kwa mganga imewafilisi wachimbaji wengi, na nchini Tanzania imehusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Hakuna kiungo cha mwanadamu kinachovuta dhahabu. Yeyote anayeshauriwa kutafuta kiungo hicho anashauriwa kuua, na wajibu wake ni kutoa taarifa polisi mara moja.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuchimba katikati ya kijito kwa sababu ndiko kwenye maji, na kuacha matuta ya kando.
- Kusimama sentimita chache kabla ya kufika kwenye mwamba.
- Kufika kwenye mwamba na kuacha nyufa bila kuzikomba.
- Kuhamia eneo jipya kila uvumi unaposikika.
- Kutegemea pande kubwa kulipa chakula cha wiki. Chembe ndogo zilipe gharama za kila siku. Zisipolipa, mahali hapo hapafai.
- Kutumia fedha yote ya pande la kwanza kununua mashine za kutafuta la pili.

## Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, mapande makubwa hayajaisha? Hayajaisha, lakini yamebaki pale ambapo wa kwanza hawakufika au hawakutazama vizuri: matuta ya kale, nyufa nyembamba, udongo mgumu na malundo ya mawe.

Je, dhahabu huota mtoni na kukua? Kwa mchimbaji, jibu la kufanyia kazi ni hapana. Mapande makubwa hutoka kwenye mishipa ya mwamba, ndiyo maana kutafuta chanzo kuna faida. Shimo lililokombwa vizuri halijazwi tena kwa kungoja, isipokuwa mafuriko yalete mzigo mpya, na mzigo huo huwa zaidi wa chembe.

Je, chembe nyingi zina maana kwamba pande liko karibu? Si lazima. Chembe bapa zinaweza kuwa nyingi mahali ambapo hapana pande hata moja. Ukali wa kona na mabaki ya kwatzi ni ushahidi mzuri kuliko idadi.

Je, asiye na detekta ana nafasi? Anayo. Mapande ya 1858 na 1869 yalipatikana kabla ya kifaa hicho kubuniwa. Asiye nacho aongeze bidii katika kuosha mawe na kukomba nyufa.

Je, mtu akiuziwa pande na mgeni kwa bei nafuu, anunue? Hapana. Dhahabu ya kweli ina soko wazi karibu kila mahali, na mwenye nayo hana sababu ya kuiuza kwa hasara gizani. Nairobi na miji mingine imeshuhudia watu wengi wakitapeliwa kwa hadithi ya namna hiyo.

Je, shimo lililokwisha liachwe? Lifukiwe: mawe chini, udongo wenye rutuba juu, na maji yarudishwe kwenye njia yake. Shimo wazi hujaa maji ya mvua, watoto na mifugo huzama humo, na jamii iliyoachiwa mashimo haimkaribishi tena mchimbaji, hata akiwa na leseni mkononi.